Asiyejua kusoma akiishia kijiweni, kosa la nani?

Wakuu, juzi kwenye kikao cha mtaa mzee mmoja alisimama akasema vijana wanaovuta nyuma ya gereji ni "wale waliokataa shule", na dawa yao ilikuwa viboko tangu wadogo. Watu wakampigia makofi. Mimi sikupiga, na naileta hoja hapa mnipinge mkitaka: baadhi yao hawakukataa shule. Iliwashinda, na hakuna aliyetafuta sababu.

Nina mdogo wangu, tumbo moja. Akiwa darasa la tatu aliandika ubaoni "dada yangu ni fundi", kumbe alimaanisha baba. Darasa likaangua kicheko, naye akachapwa kwa uzembe. Huyohuyo nyumbani alikuwa anafungua redio mbovu, anairudisha inaongea. Kuchanganya b na d peke yake si tatizo, watoto wanaoanza kusoma huchanganya sana, ila yeye alifika nayo darasa la saba. Wataalamu wanaita disleksia, yaani shida ya kudumu ya kusoma na kuandika. Si utaahira, wala haiondoki kwa fimbo. Na kama ni fimbo, kanuni za 2002 za viboko shuleni zinasema viboko visizidi vinne, viwe kwa makosa makubwa ya nidhamu, achape mwalimu mkuu au aliyeidhinishwa naye. Kushindwa kusoma hakumo.

Akaanza utoro. Kijiweni hakuna aliyemsimamisha asome kwa sauti. Sigara, bangi, mwisho unga, yaani heroini. Siku moja yuko na arosto, yale mateso ya kukosa unga, akaniambia, "Bro, kule nilikuwa mjanja."

Najua mtasema fulani naye hakujua kusoma na leo ana duka Kariakoo. Kweli kabisa. Wengi wenye shida hii hawagusi kete mpaka wanazeeka, na wenye digrii wanaovuta tunawajua. Sisemi disleksia inazaa mateja. Nasema aibu ya kila siku, utoro na kukosa pa kusifiwa vinamsogeza mtoto karibu na anayeuza. Wale wasiotulia kabisa, wanaotenda kabla ya kuwaza, hatari yao ni kubwa zaidi.

Sasa tazameni tunapoanzia. Methadoni, dawa ya kuwatibu walioshikwa na unga, ilianza kutolewa hospitali ya Muhimbili Februari 2011, baadaye Mwananyamala na Temeke. Huduma nzuri, naiunga mkono. Lakini mtu anakwenda kila siku kunywa dozi mbele ya mhudumu, miaka inakatika. Kwa nini tusimtambue mtoto mwenye shida hii darasa la pili, bado yuko kwenye KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu), kwa mwalimu aliyefundishwa dalili? Mtanijibu darasa lina watoto mia. Hapo mmenikamata, na ndipo ningependa walimu waliomo humu waseme.

Mdogo wangu ana mwaka wa pili kwenye methadoni. Mwezi uliopita nilimsindikiza, dirishani akapewa fomu. Akaishika, akaigeuza juu chini, akanisogezea bila kuniangalia.