Tupeane uzoefu: kushusha mzigo wa moyo wa gardi (zamu) ya usiku hospitalini

Jambo wandugu wa Goma na Bukavu. Hapa tusiambiane "jikaze". Kila mtu alete kitu kinachofanyika, na aseme kinaharibikia wapi.

Muuguzi wa upasuaji, Goma
Mimi naanza na relevu ya asubuhi, tunapopokezana zamu. Tunapeana habari za serumu, antibiotiki, damu iliyobaki. Aliyekufa anatajwa kwa namba ya kitanda, basi. Ongezeni dakika tano na maswali mawili: nini kilikuwa kizito usiku? Nani asirudi nyumbani peke yake? Asiyetaka kusema anyamaze, wala asibembelezwe. Hata OMS, Shirika la Afya Duniani, haishauri kumkalisha mtu kikao kimoja cha kumsimulisha yote mara tu baada ya tukio. Kinachoua mpango huu ni shefu kuuingizia utafutaji wa makosa. Makosa yana saa yake, mchana. Ukichanganya, wiki ya pili wote watasema "hakuna neno".

Mkunga, Bukavu
Asanti kaka. Kwetu mama mmoja anapoteza mtoto na mwengine tayari anasukuma. Kabla ya kumfikia huyo wa pili, nenda kwenye lavabo, unawe mikono kwa maji baridi, nyayo zote mbili chini. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu 4, itoe kwa mdomo ukihesabu 6, mara tano. Haifiki dakika moja. Kutoa ndiko kunakotuliza, maana moyo hupunguza mbio pumzi ikitoka. Wengi wanakosea: wanavuta nyingi haraka haraka, kichwa kinazunguka, vidole vinawasha, wanasema haifai.
Na habari ya kifo ipelekwe na wawili: mmoja aseme, wa pili abaki na familia. Aliyesema asipewe mgonjwa mwengine papo hapo, kama watu wapo.

Fundi wa labo, Goma
Usingizi, jamani! Ukilala saa tatu asubuhi, kikombe cha mwisho cha kahawa kiwe saa saba usiku. Baada ya masaa matano hivi karibu nusu ya kafeini ingali mwilini. Ukisinzia gardini, weka alamu ya dakika 20. Ukipitiliza, unaamka mzito: ngoja robo saa kabla ya kupima dozi yoyote. Nyumbani, kitenge kizito dirishani, na grupu ya WhatsApp ya servisi (idara) inyamazishwe. Bia ya Primus inaleta usingizi upesi, halafu inaukata katikati.

Kiongozi wa wauguzi, Goma
Mama Mkunga amesema vizuri, ila pumzi hazilipi primu (posho). Mtu aliyepangwa gardi tatu mfululizo hatatulizwa na lavabo. Badilisheni horeri (ratiba ya zamu) kwanza. Wakati wa Ebola hapa Kivu Kaskazini, 2018 mpaka 2020, hakuna aliyeruhusiwa kuingia eneo jekundu, lile la wagonjwa, peke yake. Tuuchukue utaratibu ule hata kwenye salio (wodi) za kawaida: wawili wawili, na katikati ya usiku mmoja amuulize mwenzake: umekula? umekunywa maji? umeenda msalani? Maswali ya kitoto, lakini anayejibu "bado" mara tatu, mtoe salio dakika kumi.
Picha za tukio zikirudi kila usiku, au mtu hawezi kulala bila pombe, aende kwa saikolo wa nje ya servisi yake. Akitaja kufa, asiachwe peke yake hata kidogo, apelekwe siku hiyo hiyo.

Mkunga, Bukavu
Na motari, yule wa pikipiki, wa kumrudisha nyumbani asiyefaa kurudi peke yake, alipwe na servisi, shefu. Andika hilo kwenye horeri.