Waliobadilisha "Ali" kuwa "Hamisi" kwenye riwaya yangu, Mungu anawaona!

Wakuu, maboksi nimeyafungua sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Siwataji. Mnawajua. Wale wachapishaji wa "Leta muswada, ondoka na kitabu", wanaowanyemelea watu ambao hawajawahi kuchapa hata kipeperushi.

Mhusika wangu mkuu anaitwa Ali. Wao wakaamua, bila kuniuliza, kwamba Ali ni jina lililochoka, awe Hamisi. Sawa. Sasa yule wanayemwita mhariri badala ya kusoma akabonyeza kitufe cha kubadilisha yote kwa mpigo. Riwaya nzima inasimulia wakati uliopita! "Hamisiamka, Hamisivaa, Hamisiondoka." Bibi kizee, niliyemlilia wakati namwandika, "Hamisifariki alfajiri". Watu wanakula ugHamisi. Wanalazwa hospitHamisi. SerikHamisi inatangaza maombolezo.

Lakini hayo yote ningeyameza. Fungueni ukurasa wa kutabaruku: "Kwa mwHamisimu wangu wa darasa la nne, Hamisiyenifundisha kusoma."

Na wao wenyewe ndio waliompelekea mwalimu nakala ya kwanza, eti ni huduma iliyomo kwenye kifurushi nilicholipia! Mwalimu kanipigia simu, kwa upole kabisa: "Mwanangu, huyu Hamisi ndiye nani?"

Laki nane yangu ya "uhariri wa kitaalamu". Mchapishaji wa kweli anaweka hela yake na kukulipa mrabaha, kwa hiyo kitabu kibovu kinamuuma yeye. Hawa wameshakula kabla nakala moja haijauzwa. Wahangaike kuhariri ili iweje? "Hamisi ndiye nani?" Nimjibu nini mama wa watu?

Mzee wa Ilala: Pole mkuu. Naona Hamisiumia sana.

chai_ya_rangi: Nimefika kwenye hospitHamisi nikapaliwa, ofisi nzima imenigeukia. Niwekee nakala tatu.

Mwenye uzi: Sicheki. Yule mama alininunulia daftari kwa mshahara wake. Kutabaruku ndiyo zawadi pekee niliyokuwa nayo, nao wameniharibia.

Kipanga: Prufu ulisaini kabla hawajachapa?

Mwenye uzi: Prufu ipi? Nilitumiwa picha ya jalada WhatsApp, basi. Mhariri, msoma prufu, msanii wa jalada na dereva wa kuleta maboksi ni kijana mmoja. Mtu mmoja! Hamisi ndiye nani, jamani?

Malenga Mkavu: Wewe walau sentensi zimebaki zimesimama. Mimi niliwapa utenzi, kila ubeti mishororo minne, mizani nane nane, nimehesabu kwa vidole mpaka usiku wa manane. Wakaunganisha beti zote zikawa aya moja ndefu kama hati ya mashtaka. Nilipolalamika nikaambiwa wameniokolea karatasi.

Kipanga: Wamewaokoa na wasomaji pia.

Malenga Mkavu: Kipanga, kina chako cha mwisho na cha kati havioani, kaa kimya.

chai_ya_rangi: Mmeangalia ISBN zenu, zile namba za kutambulisha kitabu? Jirani yangu kauziwa namba kwa bei ya kuruka, kuifuatilia ni ya kitabu cha upishi.

Ticha wa Hesabu: Mnalilia riwaya! Vitabu vya kiada je? EMAC, ile kamati ya serikali ya kuidhinisha vitabu vya shule, ilivunjwa 2013 baada ya Bunge kuwaka moto juu ya vitabu vibovu vya shule. Miaka yote hii, na leo asubuhi nimesahihisha majibu ya nyuma ya kitabu kwa kalamu yangu, watoto arobaini wananitazama.

Mzee wa Ilala: Ticha usituletee siasa, huu ni uzi wa Hamisi.

Dada wa Kamati: Vitabu mnaweza kuficha kabatini. Harusi ya kaka yangu, kadi mia mbili zimetoka, jina la baba limetanguliwa na "marehemu". Baba yupo sebuleni, miwani puani, anajisomea.

Mwenye uzi: Jamani, turudi kwenye mada.

Kipanga: Subiri kwanza. Dada, hao wa kadi ni wa wapi?

Dada wa Kamati: Kariakoo. Ghorofani, ukishapita wauza vitenge, mlango wa kijani.

Kipanga: Wana mashine inapiga kelele na paka mweupe?

Dada wa Kamati: Hao hao.

Kipanga: Kadi zangu za sendofu zinachapwa hapo muda huu. Naita boda.