Naomba ushauri: tunaanzisha kampuni ya mieleka Pemba, tupambane na wakubwa usiku mmoja au tuwapishe?

Mwana wa Wete (mwenye uzi)

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nina jambo linaninyima usingizi, na humu najua wamo wanaoijua mieleka kuliko mie, wamo mafundi, na wamo waliowahi kuendesha shughuli za viingilio.

Nimecheza mieleka ya maonyesho miaka mitatu na kampuni moja kubwa ya Bara. Jina silitaji. Wao ndio wanaoitwa kila panapotakiwa mieleka, ukikosana nao huna kwa kwenda. Bega langu lilichomoka ulingoni kwao, dawa nikajinunulia mwenyewe, na malipo ya maonyesho mawili ya mwisho mpaka leo nazungushwa. Nilipodai nikaambiwa wanaoitaka nafasi yangu wamejaa tele. Nikarudi nyumbani.

Sasa tuko vijana sita. Tumechangishana milioni 9. Ulingo tumeuunda uani kwa mjomba wangu: fremu ya chuma, mbao, sponji, juu turubai la lori. Kila siku tukitoka kusali alasiri tunafanya mazoezi mpaka magharibi. Nimewafunza kwanza kile nilichofunzwa mie, kuanguka. Kidevu kifuani, pumzi itoke, mikono yote miwili ipige ubao kwa pamoja, mgongo wa juu ndio upokee, si kiuno wala kisogo. Kijana akianguka sawasawa unasikia mlio mmoja tu, paa! Akikosea unasikia miwili, na wa pili ni kichwa. Mdogo wetu kachukua wiki tatu mpaka ule wa pili ukapotea.

Ile kampuni imetangaza onyesho Unguja mjini, Idi Pili. Wenzangu wanataka tupakie ulingo kwenye meli, twende mjini usiku uleule, tutoze nusu ya bei yao. Na mie, wallahi, moyo unataka. Nishaurini. Na kibali cha mieleka kinaombwa wapi, kwenye michezo au kwenye sanaa?

Kocha wa Ng'ambo

Waaleikum salaam. Pole kwa bega, na pole zaidi kwa jasho lako lililoliwa.

Usiende usiku mmoja nao. Nakwambia kwa sababu njia hiyo imeshapitwa na matokeo yake yanajulikana. Kule Marekani kampuni ya mieleka ya TNA ilianzishwa 2002, ikajenga watu wake taratibu, ikapata siku yake ya Alhamisi kwenye televisheni. Mwaka 2009 wakamchukua staa mkongwe Hulk Hogan, na 2010 wakahamia Jumatatu ili wagongane uso kwa uso na Raw, kipindi cha WWE, kampuni kubwa kuliko zote. Haikufika hata miezi mitatu, wakarudi Alhamisi. Waliompenda mkubwa walibaki kwa mkubwa, na mashabiki wao wenyewe wakatawanyika.

Watazame AEW, kampuni nyingine ya kulekule. Mwaka 2017 mwandishi wa habari za mieleka Dave Meltzer aliulizwa kama kampuni ndogo ya Marekani inaweza kuuza tiketi 10,000, akasema si hivi karibuni. Mcheza mieleka Cody Rhodes akaikubali changamoto ile. Yeye na ndugu wawili wanaoitwa Young Bucks wakaandaa onyesho lao, Septemba 1, 2018, karibu na Chicago. Tiketi ziliisha ndani ya nusu saa. Hapo ndipo Tony Khan, mtoto wa mwenye Fulham, alipoingia na fedha, na Januari 2019 kampuni ikatangazwa. Zingatia mpangilio wake, yakhe: watu kwanza, mfuko mkubwa baadaye. Na kipindi chao cha kila wiki walipokianza Oktoba 2019, kilirushwa Jumatano. Jumatatu walimwachia mwenyewe.

Simba wa Bububu

Kocha, hapo sikubaliani na wewe. WCW, kampuni nyingine ya Marekani, ilianza kipindi chake cha Nitro Septemba 1995, Jumatatu ileile ya Raw, na ikawapiga WWF, ndio hao WWE wa leo, kwa watazamaji wiki 83 mfululizo. Usimtishe kijana. Mkubwa naye huanguka.

Kocha wa Ng'ambo

Wiki 83 ni kweli, ndugu yangu. Lakini nyuma ya WCW alikuwepo Ted Turner, mwenye televisheni na mwenye fedha. Mwana wa Wete ana milioni 9 na uwa wa mjomba. Halafu tazama ilivyokufa. Iliwajaza wakongwe wa mishahara minono, Hogan akiwa na mkataba unaomruhusu kukataa namna pambano lake litakavyomalizika, vijana wakawa hawapandi. Wenye televisheni walipobadilika, vipindi vikafutwa, na Machi 2001 WWF ikainunua. Kitu kilichosimama kwa mgongo wa mtu mmoja, huyo akiondoka hakina pa kuegemea.

Kwa hiyo nakuongezea la pili, Mwana wa Wete: usimnunue staa. Kuna watu watakuja kukwambia mlete fulani kutoka Dar, watu watajaa. Watajaa usiku mmoja. Milioni zako zitaondoka naye bandarini.

Fundi Chuma, Chake

Mie sijui mieleka ya televisheni, najua chuma. Kijana, hiyo fremu umeichomea moja kwa moja au inafunguka kwa nati? Kama umeichomea, suala la kupakia meli limeshakwisha. Na hata hapa Pemba kuitoa Wete kwenda Mkoani itakutaka lori zima. Ikate, tia nati, kila kipande wabebe watu wawili.

La pili, mbao zikikaa juu ya chuma kikavu mtaumia migongo. Lazima katikati pawe na mnepo. Tafuta springi za gari kuukuu, uziweke chini ya kati. Na nguzo za pembe zifunge sponji nene, nimeona vijana wanazibandika boksi tu.

Mama Mwanakwerekwe

Mwanangu, kwanza lile bega ulitazamishe tena, bega likishachomoka mara moja hujizoesha.

Mie ni mama wa watoto wanne wa kiume, wote wanaangalia mieleka, na nitasema wanalosema mama wenzangu. Tutakuja tukiona pana sitara. Vaeni suruali ndefu na fulana. Msituchanganye wanawake na vijana wanaosukumana mlangoni, tuwekeeni upande wetu na mlango wetu. Anzeni baada ya alasiri, mmalize kabla ya magharibi, mama gani atakuja na watoto saa nne ya usiku? Hata hao WWE walipokwenda Saudia walijipima na mahali. Pambano la kwanza la wanawake kule lilikuwa Oktoba 31, 2019, Natalya na Lacey Evans, na waliingia ulingoni wamejifunika mwili. Haikuwapunguzia kitu.

Na hao vijana watano waandikie kwenye karatasi watakacholipwa na nani atawatibu wakiumia. Yaliyokukuta usije ukamfanyia mwenzio kwa sababu fedha ni chache.

Mjomba wa Makunduchi

Kuhusu kibali. Bisha hodi pote pawili, Baraza la Taifa la Michezo na BASSFU, lile baraza la sanaa, filamu na utamaduni, kwa barua, na nakala zenye muhuri ubaki nazo. Swali lako si dogo. Mwaka 1989 WWF wenyewe walikwenda mbele ya Baraza la Seneti la New Jersey wakakiri kuwa kazi yao ni burudani, si mashindano, ili waondokane na masharti na kodi za michezo. Na kwetu kuna historia yake: ngumi zilipigwa marufuku baada ya Mapinduzi ya 1964, zimerudi juzijuzi tu. Afisa akisikia "mapambano" atakumbuka hayo. Mweleze mapema kuwa mnacheza hadithi, kuna steringi na kuna adui, na hakuna anayekusudia kumuumiza mwenzake.

Usiogope wanaosema "ni ya uongo". Kwetu Makunduchi kila Mwaka Kogwa, sikukuu yetu ya mwaka mpya, tunachapana kwa migomba mbele ya umma, na hakuna anayesimama kuuliza kama hasira ni za kweli. Na nyinyi Pemba mna mchezo wa ng'ombe. Ng'ombe hauawi, na watu hujaa. Wanakwenda kumtazama yule anayecheza mbele ya pembe na kusikiliza nyimbo. Ukitaka kujua Mpemba anapenda kutazama nini, kaa pale Chwale siku nzima.

Mwana wa Wete

Nimesoma yote mara mbili, na jana usiku nimewasomea wenzangu. Wawili walinuna. Mwisho tumekubaliana: Unguja hatuendi. Idi Pili tunawaachia. Tutafanya hapahapa Wete wiki ya pili baada ya sikukuu, alasiri, mlango wa kina mama upande wa mnazi. Barua zote mbili nimeshaziandika.

Mama yangu wa Mwanakwerekwe, lile la karatasi limenichoma, kwa sababu sikuwa nimeliwaza. Kesho tunakaa wote sita tuandikiane, na laki 8 tunaiweka kando ya matibabu, haiguswi.

Mjomba, nimelifikiria sana lile la ng'ombe. Mdogo wetu ndiye atakayekuwa steringi, kwa sababu kila mtu mtaani alimwona zile wiki tatu akianguka vibaya. Sasa nataka wamwone akiinuka.

Fundi, fremu nimeichomea. Springi ninazo mbili za Landrova. Zinatosha, au nitafute nne? Na kukata nije nayo Chake au utapita Wete Jumamosi?

Fundi Chuma, Chake

Nne. Nitapita Jumamosi asubuhi, usiikate mpaka nifike.