Kikokotoo kinafuta tarakimu za namba kubwa, halafu kinatutajia sifa zake!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha.

Jana usiku niliingiza 2 kwa kipeo cha 67, nikatoa 1, kwenye kikokotoo kinachojinadi kueleza sifa za namba nzima yoyote. Kikanijibu 147573952589676410000. Chini yake, kwa herufi nene: "Shufwa, kwa hiyo si tasa."

Shufwa?! Vipeo vya 2 tarakimu ya mwisho inazunguka palepale: 2, 4, 8, 6, halafu 2 tena. Sifuri haimo kabisa. Kipeo cha 67 kinaangukia 8, toa 1 inabaki 7. Hilo mtu analifanya kichwani. Nikachukua karatasi nikazidisha kwa mkono, nikarudia tena maana nilijua nimekosea mimi. Sikukosea. Namba ni 147573952589676412927.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba "si tasa" (yaani ina vigawo vingine zaidi ya 1 na yenyewe) ni kweli, ila sababu waliyoitoa ni uongo mtupu. Namba hii imetesa watu! Mwanahisabati Mersenne aliiweka kwenye orodha yake ya tasa mwaka 1644. Mwaka 1876 Lucas akathibitisha si tasa, lakini bila kutaja kigawo hata kimoja. Watu wakakaa miaka 27 wanajua inagawanyika na hawajui kwa namba zipi, mpaka Frank Nelson Cole alipovileta mwaka 1903: 193707721 na 761838257287. Vitazame mwishoni, 1 na 7. Vizidishe, inatoka ileile 7 ambayo programu imeifuta ikapachika sifuri. Kazi yote hiyo, leo mtu anakwambia "inagawanyika kwa 2".

Tatizo lenyewe linajulikana. Programu nyingi hutunza namba kwa biti 53 tu (tarakimu za 0 na 1) za usahihi. Ukifika 9007199254740992 na kuongeza 1, inabaki vilevile, ile moja imemezwa. Kuwa na kikomo si kosa. Kosa ni kunyamaza, kubadilisha namba ya mtu, kisha kumsomea sifa za namba ambayo hakuiuliza.

Na msije hapa na "tofauti ndogo tu hiyo, mkuu". 4294967296 ni 2 tupu zilizozidishana mara 32. Jirani yake 4294967297 haina 2 hata moja ndani yake. Mwanahisabati Fermat aliiamini ni tasa, ikaja kupasuliwa na mwenzake Euler mwaka 1732: 641 mara 6700417. Hapo tumeongeza moja tu, na hakuna kigawo hata kimoja cha namba ya kwanza kilichobaki zaidi ya 1!

Nimewaandikia wenye kikokotoo. Wamejibu kwamba matokeo ya namba kubwa ni "ya kukadiria". Shufwa ya kukadiria ndiyo ipi? Waonyeshe tarakimu zote 21, au waondoe hiyo orodha ya sifa leo hii.