Mjadala: Je, usalama unampa muuza silaha ruhusa ya kumdharau mnunuzi?

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, hasa ninyi mnaoishi Marekani, naleta kwenu suala ambalo tumekuwa tukilinong'ona pembeni, kwenye sherehe na hata kwenye misiba, bila kuliweka mezani. Ni kuhusu maduka ya silaha ya mitaa tunayoishi na namna wauzaji wake wanavyotupokea. Wapo wenzetu wanaosema kwamba muuza silaha hawezi kupimwa kwa kipimo cha muuza viatu, kwa kuwa bidhaa yake inaua, na kwamba ukali wake ni sehemu ya tahadhari. Wengine wanasema dharau ni dharau tu, hata ikivishwa sare ya usalama. Mimi nimo katika kundi hili la pili, na nitaeleza kwa nini.

Ni muuguzi, naishi Texas, na zamu yangu ya jioni huniachia saa sita usiku. Baada ya nyumba mbili za mtaani kwetu kuvunjwa, tulikubaliana na mume wangu kwamba ninunue bastola na nijifunze kuitumia kwa utaratibu. Nilisisitiza iwe kwa jina langu na kwa fedha zangu, kwa sababu mimi ndiye ninayefungua mlango wa nyumba usiku wa manane. Tulipoingia dukani nilisalimu, lakini mwanamume aliyesimama nyuma ya kaunta ya kioo hakunijibu. Alimtazama mume wangu na kumuuliza anatafuta nini. Mume wangu alimjibu kwamba mnunuzi ni mimi. Muuzaji aliinama, akatoa bastola ndogo ya silinda, nyepesi, yenye mpini wa rangi ya waridi, akaiweka juu ya kitambaa, mbele ya mume wangu.

Sikuwa nimekwenda pale bila kujiandaa. Nilikwisha kusoma kwamba kwa risasi ileile, bastola nyepesi hupiga teke zaidi mkononi kuliko iliyo nzito, na kwamba kwa sababu hiyo bastola hizo ndogo wanazosukumiwa wanawake ni ngumu kwa anayeanza kujifunza. Niliomba kuona ya wastani ya milimita 9. Alishusha pumzi kama mtu aliyetwishwa mzigo, akaniuliza kama nina kitambulisho. Nilimpa leseni ya udereva na kadi ya ukaazi wa kudumu, ile tuiitayo grini kadi. Aliisukuma kadi ile kwa ncha ya kidole hadi ukingoni mwa kioo, akasema, "Hatuuzi kwa wageni." Kisha akamgeukia mume wangu, ambaye ni raia, akamwambia, "Basi jaza wewe."

Tafadhali litazameni neno hilo la mwisho kwa makini, maana ndilo lililonifanya nianzishe mjadala huu. Sheria ya shirikisho inamruhusu mkaazi wa kudumu kununua silaha. Waliokatazwa ni wasio na hati halali za kuwapo nchini na wenye viza za muda, kama za masomo au matembezi, isipokuwa kwa hali chache kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Fomu 4473, ambayo kila mnunuzi huijaza mbele ya muuzaji mwenye leseni, ina mahali maalumu pa kuandika namba ya mgeni mkaazi. Kwa hiyo aliyesema hatuuzi kwa wageni ama hakuijua fomu anayoijaza kila siku, ama aliijua na hakutaka kuuza. Jambo la pili, lile la "jaza wewe", ni zito zaidi. Fomu hiyohiyo inauliza kama anayeisaini ndiye mnunuzi halisi, na inaonya kwamba kusema uongo hapo ni kosa la jinai. Mume wangu anaruhusiwa kuninunulia zawadi ya kweli kwa fedha zake. Lakini kuchukua fedha zangu na kusaini kwamba yeye ndiye mnunuzi ni jambo jingine kabisa.

Kama mnadhani natia chumvi, ikumbukeni kesi ya Abramski, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2014. Mtu huyo aliwahi kuwa polisi huko Virginia. Mjomba wake wa Pennsylvania alimtumia hundi ili amnunulie bastola, kwa kuwa mpwa angepata punguzo la bei la askari. Wote wawili, mjomba na mpwa, walikuwa na haki ya kumiliki silaha, wala hapakuwa na jambazi katika mpango huo. Hata hivyo, kwa kura tano dhidi ya nne, mahakama ilisema uongo wake kwenye fomu ni kosa. Kwetu sisi, ambao kumtuma mpwa dukani ni jambo la kawaida kama kuomba chumvi kwa jirani, kesi hiyo inatakiwa kujulikana katika kila nyumba. Mwaka 2022 Bunge la Marekani lilikaza zaidi, likafanya ununuzi wa silaha kwa niaba ya mtu aliyekatazwa kuwa kosa la shirikisho linalojitegemea, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 15.

Hoja yangu basi si kwamba nilinyimwa tabasamu. Muuzaji aliyekataa kuzungumza nami alishindwa kutimiza kazi ambayo leseni yake inamtaka aifanye, yaani kumjua anayenunua. Alikuwa tayari kuvunja utaratibu kwa sababu macho yake yalikuwa kwa mtu asiye mnunuzi. Mwenye nia mbaya, aliyemleta rafiki yake asaini fomu, angefurahi sana kumkuta muuzaji wa namna hiyo.

Yapo pia maisha ya mnunuzi mwenyewe. Vifo vingi vya bunduki nchini humu, zaidi ya nusu, ni vya watu wanaojiua. Mwaka 2009, katika jimbo la New Hampshire, watu watatu wasiofahamiana walinunua silaha katika duka moja ndani ya muda usiozidi wiki, na kila mmoja akajiua saa chache baadaye. Mwenye duka hakujificha. Aliungana na watu wa afya ya jamii, wakaandaa mwongozo wa kuwasaidia wauzaji kuzitambua dalili za mteja aliye hatarini: hajali ni silaha gani, hataki kujifunza matumizi wala utunzaji wake, ana haraka, ana machozi. Sasa niambieni, dalili hizo zitaonwa vipi na mtu asiyekutazama usoni? Kama muuguzi naweza kusema kwamba maswali yanayookoa maisha ni yale ambayo mgonjwa anayajibu, na mgonjwa hamjibu mtu aliyekwisha kumdharau.

Najua muuzaji ana haki ya kukataa kuuza akiona jambo la kutia shaka, na haki hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini rangi ya ngozi na lafudhi si jambo la kutia shaka. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, katika sehemu yake ya maeneo ya huduma kwa umma, inataja hoteli, mikahawa, vituo vya mafuta na kumbi za burudani, haikuyataja maduka ya kawaida. Hata hivyo ile ya zamani zaidi, ya mwaka 1866, inampa kila mtu haki sawa ya kufanya mikataba bila kubaguliwa kwa rangi, na kununua bidhaa ni mkataba. Wamarekani Weusi waliliona tatizo hili kabla yetu, na mwaka 2015 ilianzishwa huko Georgia jumuiya ya kitaifa ya wamiliki wa silaha wenye asili ya Afrika, iitwayo NAAGA, ili watu wajifunze na kusaidiana mahali wanapokaribishwa.

Naomba michango yenu, hasa ya wanaopingana nami.

Mchangiaji

Dada, pole kwa yaliyokukuta, na kwa lile neno la "jaza wewe" sina utetezi wowote. Kwangu huyo angefukuzwa kazi siku hiyohiyo. Lakini kwa kuwa nimesimama nyuma ya kaunta ya namna hiyo huko Ohio kwa miaka sita, naomba nikuoneshe upande ambao mteja haoni.

Kuna siku mtu ameingia na bastola mfukoni, akaichomoa kuniuliza kama nina mkoba wa kuitosha. Ilikuwa na risasi ndani ya chemba, na mdomo wake ulikuwa unatazama tumbo langu. Hakuwa mhalifu, alikuwa mzee mwema tu asiyefikiri. Baada ya mambo kama hayo mara mbili tatu, mwili wako unajifunza kukunja uso kabla akili haijaamua. Mteja anapoomba kuona silaha, sisi huifungua, tukahakikisha chemba ni tupu, tukamwonesha naye ahakikishe, ndipo tunampa. Na akiweka kidole kwenye kifyatulio papo hapo au akiuelekeza mtutu kwa mwenzake, tunaichukua. Wengi huiita hiyo dharau.

Kisha kuna suala la fedha. Faida ya silaha mpya ni ndogo. Duka hupata riziki kwenye risasi, mikoba, usafi na matengenezo. Mtu atakaa saa nzima akishikashika kila kilichopo, atakwenda kuinunua kwenye intaneti kwa bei nafuu, na kwa kuwa sheria inataka ipokelewe na mwenye leseni, atairudisha kwetu ili tumfanyie uhamisho kwa ada ndogo, akinung'unika juu ya ada yenyewe. Sisemi kwamba ni kosa, bali nasema kwamba uchungu huo hukaa kaunta.

Na la kubwa zaidi ni leseni. Kuanzia mwaka 2021 ATF, idara ya shirikisho inayosimamia leseni za wauza silaha, iliongeza ukali, maduka yakawa yananyang'anywa leseni kwa makosa ambayo zamani yangeishia kwenye onyo. Sera hiyo ilifutwa mwaka 2025, lakini hofu yake haijaondoka. Uchunguzi wa FBI kuhusu rekodi ya mnunuzi usipoleta jibu ndani ya siku tatu za kazi, sheria inaturuhusu kukabidhi silaha, wala haitulazimishi. Muuaji wa waumini 9 wa kanisa la Emanuel huko Charleston, mwaka 2015, aliipata bastola yake kupitia mwanya huo. Tangu hapo mimi nilikuwa nasubiri jibu hata wiki mbili, na wateja wakinitukana. Heri nitukanwe.

Kwa hiyo, Dada, nakubali kwamba dharau ipo, ila naomba msiufute ukali pamoja nayo. Kwa biashara nyingine mteja ni mfalme. Kwa hii, hapana.

Mwanzisha mada

Kaka, nashukuru, na umenifundisha. Habari ya mzee na bastola yenye risasi imenifanya nifikirie upya zile pumzi alizoshusha yule muuzaji. Huenda hazikuwa zangu peke yangu. Na kwenye suala la siku tatu nakuunga mkono bila masharti yoyote.

Ila umechanganya mambo mawili, ukali na ukosefu wa heshima, nami nina ushahidi kwamba yanatenganishika. Wiki mbili baada ya siku ile niliendesha gari zaidi ya saa moja hadi kwenye duka dogo la mji mmoja wa shamba, lenye vichwa vya paa ukutani. Mzee wa pale alikuwa mkali kuliko yule wa kwanza. Alinikemea nilipogeuka na bastola mkononi, akanirudisha nisimame nikiukabili ukuta. Aliniuliza kwa nini naitaka, nani mwingine anaishi nyumbani, watoto wana umri gani, na nitaihifadhi wapi. Nilipomwambia kwenye droo ya kitanda, alitikisa kichwa na kukataa kuendelea hadi tuzungumze kuhusu kisanduku cha kufungwa. Kwenye fomu aliniachia nisome kila swali mwenyewe, na kwenye namba ya kadi yangu aliilinganisha tarakimu kwa tarakimu, mara mbili, kwa ncha ya kalamu. Tulimaliza baada ya dakika 50 hivi. Sikudharauliwa hata dakika moja, na nilirudi kwake kununua risasi, mkoba na kile kisanduku, yaani vilevile ulivyosema ndivyo vinavyolisha duka.

Sisi tuliokulia Tanzania tumezoea maombi ya silaha yaanzie serikali ya mtaa na kupanda hadi polisi, ambapo maswali ni mengi na hakuna anayeyaonea haya. Mzee yule aliniuliza karibu yote ambayo mtendaji wa mtaa wetu angeniuliza. Sikutaka aniulize machache zaidi.

Kwa wanaouliza kwenye ujumbe wa faragha kama nitaje duka la kwanza hadharani, jibu langu ni hapana kwa sasa. Nimemwandikia mwenye duka, nimeeleza tarehe, saa na maneno yaliyosemwa, na nimempa nafasi ya kujibu. Ninaowaomba washiriki ni wenye grini kadi walionunua au walionyimwa katika majimbo mengine: mliulizwa hati zipi, na nani alizisoma? Anuani kwenye vitambulisho vyenu ililingana na ya nyumbani? Hilo nimeambiwa huwarudisha wengi mlangoni, na ni vyema tukalijua kabla ya kuendesha gari saa nzima.

Na kwako, Kaka, nina swali moja tu. Katika miaka yako sita, yupo mteja uliyekataa kumuuzia kwa sababu ya jambo alilokuambia mwenyewe, kwa mdomo wake, pale kaunta? Kama yupo, tueleze ulimfanya vipi hadi akalisema.