Msaada: eVisa, kadi ya msomaji na karatasi za akina Mackinnon

binti_wa_kisauni: Assalaam alaykum wana-orodha. Nipo Glasgow, naandika tasnifu juu ya IBEA, ile Kampuni ya Kifalme ya Waingereza ya Afrika Mashariki. Nataka madaftari ya kodi za wapangaji na hati za ardhi za Balinakill, kule Kintyre, kwenye mashamba ya Sir William Mackinnon, mwanzilishi wa kampuni hiyo. Ofisi moja ya nyaraka (siitaji) imeninyima kadi ya msomaji. Wanataka kitambulisho chenye picha, na barua ya kuonyesha ninapoishi. BRP (kadi ya ukaazi) imekwisha muda, eVisa (kibali cha mtandaoni) iko kwenye simu, pasipoti imepelekwa kufanywa upya, benki nayo haitumi karatasi. Nyie mlipitaje?

baba_zuhura: Pole mwanangu. Mimi mwenye nyumba alinikatalia kwa eVisa hiyohiyo. Nimempa "share code", ile namba ya kukifungulia kibali mtandaoni, eti haifunguki. Mkataba akaja kuusaini mke wangu. Lakini Balinakill ya nini? Karatasi za Mackinnon zipo chuo cha SOAS, London.

mtu_wa_aberdeen: Baba Zuhura, soma kwanza halafu ujibu. SOAS kuna barua zake na mambo ya kampuni. Dada anataka ardhi. Hati za ardhi za Scotland za zamani ziliandikishwa kwenye Rejista ya Sasines (daftari la hati za ardhi) kuanzia 1617, nazo unazisoma NRS, hifadhi ya nyaraka ya taifa, Edinburgh. Karatasi za koo zilizokabidhiwa NRS tafuta alama ya GD (Gifts and Deposits). Zilizobaki majumbani kwa wenyewe, unawaandikia NRAS, wenye orodha ya nyaraka za watu binafsi, wakuombee ruhusa. Na uwe macho na hesabu: pauni ya Kiskoti ilikuwa 12 kwa pauni 1 ya Kiingereza (sterling).

wakili_mstaafu: Pauni ya Kiskoti na Mackinnon wapi na wapi? Ile ni ya kabla ya Muungano wa Scotland na England wa 1707, huyu kazaliwa Campbeltown 1823. Msimchanganye binti wa watu. Binti, Mackinnon alikufa 1893 bila mtoto. Ukikwama kwa jina lake, fuata warithi.

baba_zuhura: Nimesoma, bwana, miwani ninayo. Mnahangaika na kodi za wakulima wa Kintyre, mali yenyewe ikiwa kwetu! Mwaka 1895 serikali ya Mwingereza iliinunua IBEA kwa pauni 250,000, na 200,000 kati ya hizo zikatoka kwenye fedha za Zanzibar, zile alizolipa Mjerumani kwa ajili ya Mrima, pwani ya Tanganyika. Yaani Sultani kawakodisha pwani, halafu kaikomboa kwa pesa yake, na bendera wakapandisha wao. Na ule ukanda wa Sultani wa maili 10 pwani ya Kenya, 1963 wakaumaliza London, kwenye meza. Nani aliulizwa?

mtu_wa_aberdeen: Msimamizi, siasa za mwambao si tulikubaliana zisiletwe humu?

mpishi_leeds: Mmenikumbusha mji wa Mackinnon Road, kule Kenya, pale msikitini kwa Sayyid Baghali, kando ya reli. Marehemu mama hapiti bila kushuka kuomba dua, basi lipige honi litakavyo. Mwaka jana nilifika Campbeltown. Bahari ipo, samaki wapo, lakini upepo wake una chuki binafsi. Nilitamani kachri za moto mpaka machozi.

binti_wa_kisauni: Ahsanteni wazee wangu. NRAS nitawaandikia. Na kadi je?

wakili_mstaafu: Kachri za Leeds mnazipata wapi?

mpishi_leeds: Kwangu, Jumamosi. Baba Zuhura, ukija uje na sufuria yangu ya biriani, Idd imekaribia.