MREJESHO: Bastola ya upepo iliyokuwa inapiga chini kushoto

Wakuu habarini. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini bastola ya klabu yetu hapa Dodoma, ile ya kulenga shabaha ya mita 10, inapeleka risasi chini kushoto, kwenye duara la 8 (katikati ni 10). Nimerudi na jibu.

Aliyeniambia kilengeo cha nyuma kinafuata upande unaotaka risasi iende alikuwa sahihi: risasi zikianguka chini, kipandishe, zikienda kushoto, kisogeze kulia. Mimi nilikuwa naichezea skrubu kinyume. Skrubu hiyo ina herufi za Kijerumani, H (hoch, juu) na T (tief, chini), na nilidhani T ni kushusha. Kumbe T ni ya kurekebisha risasi iliyopiga chini! Nilikuwa nazidi kuharibu.

Jumamosi nilienda alfajiri kabla upepo wa Dodoma haujaamka. Nikapiga tano bila kugusa kitu, nikatazama zilipokusanyika. Hapo ndipo penye siri. Ukifuata risasi moja moja utazunguka na bisibisi mpaka jioni.

Kila duara lina upana wa milimita 8, na kutoka 10 hadi 8 ni maduara mawili, kwa hiyo kosa langu lilikuwa kama milimita 16. Kutoka kilengeo cha nyuma hadi cha mbele ni sentimita 32, basi kwa shabaha ya mita 10 nyuma panahitaji kusogea nusu milimita tu. Unene wa kadi mbili za shabaha! Nikazungusha taratibu, tik, tik, nikapiga tano nyingine: tatu ndani ya 10, mbili kwenye 9.

Mzee uliyenisisitiza nisikaze mshiko ninapofyatua, asante sana. Kushoto kulichangiwa na hicho pia.